Soni ya Mlangoni

Nguo ya kuazima ina visa vyake. Pengine inakubana shingoni, pengine ukiinama inapasuka mshono, na hata ikikukaa vizuri kabisa huwezi kustarehe ndani yake, maana hujui mwenyewe atatokea saa ngapi na kuidai mbele za watu. Ndiyo maana wahenga wakasema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Hawakuwa na maana ya mashati na magauni tu. Walikusudia kila kitu ambacho mtu hukichukua kwa mwenzake ili ajifiche ndani yake, kiwe cheo, kiwe ukoo, yawe hata mawazo. Ghati aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi, na aliwahi kuitungia insha akasifiwa darasani. Lakini wewe kuijua methali ni jambo moja, na methali kukujua wewe ni jambo jingine.

Ghati alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tano katika shule moja ya wasichana huko Kabasa, mjini Bunda. Kwao ni Butiama, ambako baba yake, Mkurya mfugaji, alihamia zamani akifuata malisho. Nyumbani walizungumza Kikurya asubuhi hadi jioni, na Kiswahili kilikuwa lugha ya shule, ya kanisani na ya mnadani. Alikuwa msichana mwenye akili na mpenda vitabu kupindukia. Tatizo lake lilikuwa ulimi. Ulimi wa Ghati haukuona sababu ya kutenganisha l na r, na ulizitumia herufi hizo mbili kama mtu atumiavyo ndugu mapacha, akimtuma yeyote aliye karibu.

Wiki yake ya kwanza shuleni hapo, wino ulimwishia katikati ya kipindi. Akanyoosha mkono kwa adabu zote, akasema, "Mwalimu, naomba karamu, yangu imeisha."

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Mmoja akauliza kama kwenye karamu hiyo kutakuwa na pilau, mwingine akataka kujua bwana harusi ni nani. Tangu siku hiyo akaitwa Bibi Karamu, bwenini, jikoni, hata uwanjani kwenye netiboli. Ghati alicheka pamoja nao, kwa sababu asiyecheka huchekwa zaidi, lakini moyoni alikuwa akiumia. Akawa anaandika sana na kusema kidogo. Mtihani ulipokuja aliongoza kwa Kiswahili, na bado hakuna aliyeliacha lile jina.

Ndipo yakaja mashindano ya uhakiki wa fasihi ya shule za sekondari za mkoa. Kila shule ingetoa mwanafunzi mmoja. Kifungu kilikuwa kimoja kwa wote, kikiletwa mwezi mzima kabla. Mshiriki angeandika uhakiki wake, kisha angekwenda Musoma kuusoma na kuutetea mbele ya majaji, na mshindi angeuwakilisha mkoa huko Dodoma. Ghati aliposikia habari hizo alishikwa na hamu ambayo hakuwahi kuwa nayo. Aliwaza kwamba mtu aliyesimama Dodoma kwa niaba ya mkoa mzima hawezi tena kurudi bwenini akaitwa Bibi Karamu.

Mwalimu wa Kiswahili, Mwalimu Skolastika, mama wa makamo ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia wala akichelewa, alimwita ofisini akamkabidhi karatasi.

"Nimekupendekeza wewe," alisema. "Mkuu wa shule alimtaka Lilian, anasema Lilian ana ulimi mwepesi. Nikamwambia ulimi hauandiki. Amenikubalia, lakini shingo upande. Sasa nenda kasome, uniletee kitu chako."

"Asante, mwalimu. Sitakuangusha."

Ghati alikwenda kukaa nyuma ya bweni akaisoma karatasi ile. Kifungu kilikuwa kifupi, na msimulizi wake alikuwa kijana ambaye hakutajwa jina:

"Nyumba yangu ilipokwisha kuezekwa, nililala humo kwa mara ya kwanza. Asubuhi mama akaja na bakuli la uji kama ilivyokuwa desturi yake. Nilimwona kwenye mwanga wa mlango, mguu mmoja mbele. Mara akashikwa na soni. Akaurudisha mguu, akaliweka bakuli chini, nje ya kizingiti, akaniita kwa jina la babu yangu aliyekufa, kisha akaenda zake. Nilikunywa uji ule peke yangu. Haukushuka vizuri."

Chini yake paliandikwa: Hakiki namna mwandishi anavyoonesha kukua kwa msimulizi.

Ghati alitabasamu. Alimjua mama huyu. Alimwona waziwazi, na kanga yake aliyoifunga chini ya makwapa, kwa sababu kaka yake Wambura alikuwa amejenga nyumba yake pembeni ya zizi mwaka uliopita, na mama yao, ambaye alikuwa akiingia chumbani kwa Wambura bila hodi tangu alipozaliwa, siku hiyo alisimama nje akaita. Hakuna aliyeshangaa. Ghati mwenyewe aliona jambo la kawaida kabisa, kama ng'ombe kurudi jioni.

Akachukua kalamu akaandika: "Mama huyu namjua." Akaitazama sentensi ile kwa muda. Kisha akaanza kuusikia ukumbi wa Musoma ukicheka. Alijiona amesimama mbele ya watu waliosoma, anawasimulia habari za zizi na uji na mama yake wa Butiama. Wangeuliza kama huo ni uhakiki au ni barua ya salamu. Akaikata sentensi kwa mstari mmoja, na baada ya kufikiri kidogo akaikata kwa mstari wa pili.

Lilian, yule mwenye ulimi mwepesi, hakuwa msichana mbaya. Kuachwa kwake hakukumtia kinyongo, na alipomwona Ghati amekaa siku nyingi mbele ya karatasi tupu alimwonea huruma.

"Wewe Ghati, mbona unajitesa hivyo?" alimwambia. "Mapumziko ya nusu muhula twende kwetu Kamunyonge, pale Musoma mjini. Kaka Gody yuko nyumbani, amemaliza mwaka wa pili chuo kikuu, anasoma fasihi hiyo hiyo. Yeye vitu hivi anavilaga kama dagaa."

Butiama iko njiani, kwa atokaye Bunda kwenda Musoma. Ghati angeweza kushuka Kiabakari na kufika nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Badala yake aliomba simu ya matroni akampigia mama yake, akamwambia kwamba safari hii hatakuja, ana kazi ya shule. Mama hakulalamika. Alimwambia asome kwa bidii, akamuuliza kama anakula vizuri, na simu ilipokatika Ghati aliona aibu bila kujua hasa anaona aibu ya nini.

Kamunyonge alipokewa vizuri. Mama Lilian alipika sato na ugali wa muhogo, akamwita mwanangu. Baada ya kula, Gody alijiegemeza kwenye kochi, simu mkononi, na Ghati akamsomea kifungu. Gody alisikiliza macho yakiwa kwenye simu, akaguna kama daktari.

"Mdogo wangu, hiki kifungu ni chepesi sana," alisema. "Ufunguo ni neno soni. Soni ni nini? Fungua kamusi yoyote, soni ni aibu. Kwa hiyo mama anamwonea aibu mwanawe. Kwa nini? Kijana amepotoka. Amejitenga na familia, anaishi kivyake. Hapo unaandika ukengeushi. Andika, andika."

Ghati akaandika ukengeushi.

"Sasa mama anarudisha mguu. Huo ni mgogoro wa vizazi. Halafu angalia hapa, anamwita kwa jina la marehemu. Unaona? Maana yake kwake yeye mtoto huyu amekufa. Hiyo ni ishara ya kifo."

Kalamu ya Ghati ilisimama. "Rakini kaka Gody," alisema polepole, "kwetu mama akimwita mtoto jina la babu yake..."

"Kwenu ni kwenu, mdogo wangu. Fasihi ni fasihi. Majaji hawataki habari za kwenu, wanataka nadharia. Tulia, ninao uhakiki mzima, Lilian atakusomea unakili."

Na kweli alikuwa nao wote kwenye simu, kurasa nne zilizopangwa vizuri, na maneno mazito yamejaa humo kama mawe ya Musoma. Hakusema aliutoa wapi, na wasichana hawakumuuliza, maana kaka msomi haulizwi alikotoa usomi. Lilian alisoma, Ghati akanakili kwa mwandiko wake mzuri. Palipokuwa na neno asilolielewa aliliandika vilevile, na alipofika penye ishara ya kifo roho ilimsita. Akaandika hata hivyo.

Mwalimu Skolastika aliusoma uhakiki ule akiwa amesimama, kisha akaketi akausoma tena. Alipomaliza alimtazama Ghati juu ya miwani.

"Ni mzito," alisema. "Sikujua unayajua mambo ya nadharia kiasi hiki. Haya ni maneno yako, Ghati?"

Hapo ndipo mlango ulikuwa wazi. Mwalimu aliuliza kwa upole, ofisi ilikuwa tupu, na neno moja la kweli lingetosha. Lakini Ghati aliwaza Dodoma, akawaza bweni, akawaza mkuu wa shule na shingo yake iliyokaa upande.

"Ni yangu, mwalimu."

"Haya. Mimi nimeweka jina langu juu yako. Twende nao."

Kuanzia hapo Ghati hakuwa na raha. Aliyakariri yale maneno kama mtoto anayekariri katekisimu. Jioni Lilian alimfanyisha mazoezi, akimrekebisha kila l iliyogeuka r, mpaka aliweza kusema "ukengeushi wa kijamii na mgogoro wa kinafsia" bila kuteleza. Sauti ilikuwa safi kabisa, ila kila akimaliza kusoma alijihisi kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake, vilivyong'arishwa vizuri na kumbana vidole.

Siku ya mashindano ukumbi ulijaa. Ulikuwa karibu na ziwa, na kupitia madirishani korongo walionekana wamesimama juu ya mawe kama wazee wa baraza. Wanafunzi walikuja na walimu wao kutoka Tarime, Serengeti, Rorya na kwingineko. Majaji walikuwa watatu, na mwenyekiti wao alikuwa Bi. Consolata, mwalimu mstaafu aliyevaa kitenge cha bluu na kuzungumza kwa sauti ndogo iliyowafanya watu wote wanyamaze ili wamsikie.

Aliyemtangulia Ghati alikuwa kijana mrefu aitwaye Emanuel, kutoka shule moja ya upande wa Mugango. Tai yake ilinyooka, na sauti yake ilikuwa nene ya kupendeza. Alifungua karatasi yake akaanza.

"Katika kifungu hiki, mwandishi anatuchorea ukengeushi wa kijamii unaomkumba kijana aliyejitenga na mizizi yake..."

Ghati alidhani masikio yanamdanganya. Akashusha macho kwenye karatasi iliyokuwa mapajani mwake. Katika kifungu hiki, mwandishi anatuchorea ukengeushi wa kijamii. Neno kwa neno. Emanuel aliendelea, na Ghati akawa anamfuata kwa kidole, akiomba kimoyomoyo kwamba sentensi inayofuata iwe tofauti. Haikuwa tofauti. Mgogoro wa vizazi ukapita, ishara ya kifo ikapita, mpaka nukta ya mwisho. Uhakiki ule ulikuwa umezunguka kwenye makundi ya simu ya mkoa mzima, kutoka kwa asiyejulikana kwenda kwa wasiojuana, na Gody aliuokota humo kama wengine walivyouokota.

Mwalimu Skolastika, aliyekaa kando ya Ghati na nakala yake mkononi, alikuwa naye anafuata kwa kidole. Kidole chake kilikuwa kimesimama.

Bi. Consolata alimshukuru Emanuel. "Umesoma vizuri, baba," alisema. "Nina swali dogo tu. Umesema mama anamwonea aibu mwanawe kwa kuwa amepotoka. Kijana amefanya kosa gani? Nionyeshe sentensi."

Emanuel alikitazama kifungu. Alikitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta sindano kwenye majani. "Amepotoka kimaadili," alisema.

"Ndiyo. Amefanya nini?"

"Amejenga nyumba."

Ukumbi ukaangua kicheko. Jaji wa pili akamuuliza ukengeushi maana yake nini kwa maneno yake mwenyewe. Emanuel akafungua mdomo, akaufunga, akalegeza tai, na alipoanza kusema maneno yakamtoka vipande vipande. Kicheko kikazidi. Kijana wa watu akarudi kwenye kiti chake amejikunja, na Ghati akamwonea huruma iliyochanganyika na hofu, kwa sababu aliyekuwa akivuliwa pale mbele alikuwa amevaa nguo ileile aliyoivaa yeye.

"Ghati," Mwalimu Skolastika alinong'ona. "Hii ni nini?"

Safari hii Ghati hakuweza kudanganya. "Sio yangu, mwalimu. Nilipewa."

Mwalimu alivua miwani akaishika mkononi. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Ghati zaidi, kwa maana hasira angeivumilia. Ulikuwa uso wa mtu aliyechoka ghafla.

"Watakuita sasa hivi," alisema mwalimu. "Ukitaka kuondoka, tutaondoka wote, nitawaambia unaumwa. Mimi sitakusukuma."

Jina likaitwa. Ghati alikaa kitini, akatazama mlango wa ukumbi, akatazama mahali pa kusimamia. Kuondoka kulikuwa rahisi. Lakini majaji walikuwa na nakala yake mezani, na mbio hazifuti mwandiko. Tena alijua kwamba akitoka mlango ule, Mwalimu Skolastika ndiye atakayesema uwongo kwa ajili yake, mama ambaye hajawahi hata kuchelewa kazini. Akainuka. Akaenda mbele.

"Shikamooni," alisema.

"Marahaba."

"Karatasi mliyonayo hapo si yangu. Ni hiyo hiyo aliyosoma mwenzangu. Nilinakili, nikamdanganya mwalimu wangu. Yeye hana kosa. Kama mtaniruhusu, naomba niseme nirichosoma mimi."

Wachache walikisikia kile "nirichosoma" wakacheka. Bi. Consolata aliinua mkono, kicheko kikakatika. Aliwageukia wenzake wawili, wakanong'onezana, kisha akasema, "Sema, mama. Tunakusikiliza."

Ghati alikuwa hana karatasi ya kushika, basi akashikana mikono yake mwenyewe.

"Mimi kwetu ni Butiama, ni Mkurya," alianza. "Kwetu kuna neno tunasema insoni. Linafanana na hii soni. Rakini insoni siyo aibu ya kosa. Ni ile haya ambayo mtu anakuwaga nayo mbele ya mtu anayemheshimu. Mama hana insoni na mtoto mdogo. Anamwogeshaga, anamfutaga kamasi, anaingiaga anakolala bila hodi. Siku mtoto akijenga nyumba yake, basi. Mama haingii tena mule ndani. Hakai kwenye kitanda chake. Siyo kwamba amemchukia. Anamwambia, wewe sasa ni mtu mzima, na mimi nakuheshimu."

Ghati akaendelea, maana sasa maneno yalikuwa yanakuja yenyewe na hakuhitaji kuyakumbuka.

"Swali linasema tuonyeshe kijana anavyokua. Mwandishi hajasema popote kwamba amekua. Hakusema ndevu, hakusema sauti nzito. Hata kijana mwenyewe hakufanya kitu, amelala tu. Kukua kwake kote kuko kwenye mguu wa mama. Mguu uliokuwa unaingiaga kila siku, leo umefika mlangoni, umerudi. Pale pale ndipo ametoka utotoni. Na akaitwa jina la babu. Jina la babu huwezi kumwitia mtu unayemuona amekufa. Unamwitia mtu unayemkabidhi ukoo."

Alikuwa akimwona mama yake nje ya nyumba ya Wambura, na kwa mara ya kwanza alifikiri kwamba huenda mama naye siku ile ilimuuma.

"Na uji haukushuka," alisema, "kwa sababu kijana hajui hayo. Anafikiri amesukumwa. Amekua kabla hajajua kwamba amekua. Atakuja kujua baadaye, ndo maana anatusimulia. Mama naye alikuwa anapenda kuingia, maana mguu mmoja ulishatangulia. Heshima ndiyo iliyomrudisha, na kurudi kumemuumiza na yeye. Mwandishi hakusema hilo, ila ule mguu umesema. Ndivyo nirivyosoma mimi. Asanteni."

Hakuna aliyecheka. Jaji wa tatu, mzee ambaye tangu asubuhi alikuwa hajainua macho kwenye karatasi zake, alikuwa amemkodolea macho. Ghati alirudi kukaa. Mwalimu Skolastika alisogeza mkoba wake ili msichana apate nafasi.

Wakati wa chai Emanuel alimfuata hadi penye birika.

"Dada, wewe nani alikupa?" aliuliza.

"Kaka wa rafiki yangu. Wewe?"

"Binamu yangu. Aliniambia ameandika mwenyewe usiku kucha." Wakatazamana, wakacheka kidogo, kicheko cha watu walionyeshewa na mvua moja. "Wewe angalau ulikuwa na cha kusema. Mimi na kwetu pia wapo akina mama wa hivyo, wala sikuwakumbuka."

Alasiri matokeo yakatolewa. Mshindi alikuwa msichana mmoja kutoka Serengeti, mwenye uhakiki wa kurasa mbili usio na makuu, na Bi. Consolata akampa mkono wa safari ya Dodoma. Kisha akawaomba watu wasiondoke kwanza.

"Ghati," alisema, na Ghati akasimama. "Sheria ya mashindano inasema tunapima kilichoandikwa, halafu ndiyo tunasikiliza utetezi wake. Karatasi yako tumeipa sifuri. Hatuwezi kumpa alama mtu ambaye hayumo humu ukumbini. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Sasa nikuambie jambo jingine, na walimu wote mnisikie. Mimi nimefundisha fasihi mpaka nimestaafu. Neno soni katika kifungu hiki nilikuwa nalisoma kama wewe ulivyoandika, sio kama ulivyosema. Leo umenifundisha. Uhakiki bora kuliko yote tuliyoyasikia leo ni huo uliousema hapo bila karatasi. Na kinachoniuma ni kwamba haukuandikwa. Mwezi mzima ulikuwa nao, ukauacha nyumbani, ukatuletea wa watu. Ungeandika hayo hayo, kwa ulimi huo huo, saa hizi tungekuwa tunakupigia makofi wewe."

Ghati alijizuia mpaka alipoketi. Hapo machozi yakamtoka bila kuombwa ruhusa, akalia kwa kwikwi kama mtoto mdogo. Hakulia kwa sababu ya kuumbuliwa. Alilia kwa sababu Dodoma ilikuwa yake, aliikata kwa mistari miwili ya kalamu yake mwenyewe nyuma ya bweni.

Mwalimu Skolastika alimwacha alie mpaka ukumbi ukapungua watu. Kisha akamkabidhi leso.

"Futa uso," alisema. "Mkuu wa shule anapiga simu toka saa nane. Nimwambie nini?"

Ghati alijifuta. Alivuta pumzi, akanyoosha mkono kuomba simu. "Usimwambie kitu, mwalimu. Nitamwambia mimi mwenyewe, yote."

Mwalimu akampa. Simu ilipoita upande wa pili Ghati aligeukia dirishani, akasema shikamoo, akaanza mwanzo bila kuficha lolote, kwa maneno yake na kwa ulimi wake, na kila r iliyotaka kupita mahali pa l aliiacha ipite. Alikuwa amejifunza siku hiyo, mbele ya mkoa mzima, kwamba hata ipendeze namna gani, nguo ya kuazima haisitiri maungo.